Kitanda cha Mama Kimepangishwa

Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa kipande cha waya.

Ndani, mtu akakohoa...

Cecilia alikijua kikohozi kile. Amekisikia tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Akausokota ule waya kwa vidole vitupu mpaka ukamchana. Mlango ukaachia. Ndani kulikuwa na magunia ya pumba, jembe, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele... na mama yake mzazi, ameketi chini juu ya jamvi, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama si wake.

Kikombe cha maji kilikuwa kimewekwa kuliani. Upande wa mkono usiofanya kazi.

Mama akainua uso. Hakulia, hakuomba chochote. Alisema hivi:

"Sesi, mbona umekuja leo? Leo si Jumapili."

Wapendwa, hapo ndipo Cecilia alipojua kwamba Jumapili zote alizokuja kumsalimia mama yake zilikuwa maigizo.

Ngojeni niwape chanzo, ndiyo mtaelewa kwa nini binti mpole wa Matombo alifanya alichokifanya siku ile mpaka chuo kizima kikamjua.

Cecilia alikuwa anasoma ualimu, chuo kimoja huko Tabora. Mwaka wa pili, mambo yanakwenda. Baba alishafariki siku nyingi. Mama alikuwa Matombo, mlimani, na migomba yake na mdalasini wake, anajitegemea.

Kiharusi kikamkuta akitoka misa ya asubuhi. Kikachukua upande wote wa kulia. Akili kikamwachia, ila maneno yakawa yanatoka polepole, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Hospitali ya mjini Morogoro wakasema anahitaji mazoezi ya viungo, tena mapema, na akiyafuata, kutembea atatembea. Sasa kumtoa mgonjwa Matombo kwa barabara ile, kila wiki, ateremke na apande? Haiwezekani. Ilibidi akae mjini.

Cecilia akaomba uhamisho aje Morogoro.

Mliowahi kuhama chuo mnajua joto lake. Masomo aliyofaulu kule, huku wakayakataa karibu yote. Akaanza upya mwaka wa kwanza, na wenzake wa Tabora wanaelekea kumaliza. Hakulalamika. Alichotaka ni kuwa karibu na bimkubwa, basi.

Na alikuja na mpango wake kamili. Alishapata nyumba Kihonda, apatimenti ndogo ya vyumba viwili, choo ndani, hakuna ngazi hata moja. Akae na mama yake. Asubuhi aende kwenye vipindi, siku za kliniki ampeleke mwenyewe.

Familia ikakaa kikao. Mwenye sauti pale alikuwa mjomba Severini, mdogo wake mama. Uluguruni mjomba akishasema, ukoo umesema.

Mjomba akasema hapana.

Binti hajaolewa, aende kupanga Kihonda? Watu watasema nini? Mwanafunzi mahali pake ni hosteli, kuna geti, kuna matroni. Mgonjwa atakaa Bigwa kwa mama mdogo Prisca, si mbali na hospitali, apewe chumba chake na kitanda chake. Mazao ya shamba la mgonjwa yawe yanashushwa Bigwa, yamsaidie Prisca kumhudumia.

Cecilia alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mama alikuwa palepale, kimya, anatazama vidole vyake.

Akashindwa. Akaingia hosteli. Na tangu siku ile, simu ya mjomba akawa haipokei.

Hosteli mnaijua. Chumba kimoja wasichana wanane, vitanda vya dabodeka, ndoo zimejaa chini ya kila kitanda, huyu anachemsha mayai kwa hita ya kuficha, yule anagombana na mpenzi wake kwenye simu. Juu ya kitanda cha Cecilia alilala msichana mmoja wa Kilosa, Glory, msomaji kweli kweli. Kelele zikamshinda. Wiki chache tu akatangaza anahama.

Kapata chumba Bigwa. Kitanda kipo tayari, mwenye nyumba ni mama mmoja mkarimu, utulivu wa mlimani. Sharti lilikuwa moja tu... kila Jumapili mchana afungie vitu vyake kabatini na aondoke, kwa sababu mwenye nyumba hupokea ugeni wa familia.

Glory hakuona shida. Kila Jumapili akawa anarudi hosteli kula na mashoga zake wa zamani. Na kila Jumapili Cecilia alikuwa anakwenda Bigwa kumwona mama. Walikuwa wakipishana getini na kupungiana mikono.

Mmeelewa?

Cecilia yeye hakuelewa. Angeelewaje? Akifika Bigwa anamkuta mama kaketi kitandani, kwenye chumba cha upande wa mlimani, khanga safi, kapakwa mafuta uso unang'aa. Mama mdogo Prisca analeta chai na magimbi. Akiuliza mazoezi yanaendaje, mama anajibu vizuri. Aliona mkono unazidi kujikunja, akauliza. Akaambiwa kiharusi kina mambo yake, asubiri.

Mpaka Jumanne ile, mwalimu wa kipindi cha asubuhi alipotuma ujumbe kwamba hatokei. Cecilia akanunua ndizi mbivu, akachukua bajaji kwenda Bigwa. Akagonga mlango wa mbele, kimya. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Mengine mmeshayasikia.

Alimbeba mama yake mgongoni, kama mama alivyombeba yeye. Alikuwa mwepesi, na hicho ndicho kilichomuuma kuliko ule waya. Akaenda naye mlango wa jikoni, akaupiga teke. Ukafunguliwa na mtu mwenye vipokea sauti vinaning'inia shingoni.

Glory.

Wakatazamana...

"Sesi? Nani kakwambia ninakaa hapa?"

"Chumba cha upande wa mlimani ni cha nani?"

"Changu. Nimepanga."

Halafu Glory akamwona aliyebebwa, akarudi nyuma hatua. Akasema taratibu kwamba amshushe huyo, mwenye nyumba kamwambia ni ndugu yao mgonjwa wa akili, ana fujo, asimsogelee.

Aliyejibu ni mama, juu ya mgongo wa mwanawe.

"Akili zangu... ziko sawa, mwanangu. Ni maneno tu... yanachelewa."

Glory akakaa chini palepale kizingitini. Miezi yote hiyo alikuwa anasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba, naye anaongeza sauti ya muziki.

Mama mdogo Prisca akaingia uani kipindi hichohicho, anatoka sokoni, kapu la mboga kichwani. Hakukana. Alichosema ni kwamba kumhudumia mgonjwa ni kazi, nyie mnasoma tu, mnakuja Jumapili kunywa chai na kuondoka. Alimfungia mchana ili asije akaanguka ngazini akiwa peke yake. Na chumba kile kilikuwa kinakaa bure.

"Bure?" Cecilia akauliza. "Mama yangu alikuwa ndani yake."

Prisca akatazama pembeni. Akauliza mgonjwa anapelekwa wapi sasa.

"Hosteli."

Prisca akacheka kidogo. Hosteli gani wanakolaza wagonjwa?

"Utaniona," Cecilia akasema.

Glory ndiye aliyekimbia kuita bajaji. Na ndiye aliyeushika ule mguu wa kulia njia nzima usigonge, huku analia bila sauti.

Wanachuo mnajua maana ya kubebana. Mtu hana kitanda, rafiki yake anamwingiza chumbani kwa siri, wanalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, matroni akipita mmoja anaingia uvunguni. Kila hosteli ipo.

Cecilia hakutaka siri.

Alishuka getini mchana kweupe, watu wametoka vipindini, akamweka mama yake mgongoni, akapita katikati ya uwanja. Vijana wakaacha kucheza pool. Wengine wakatoa simu. Mlinzi akaita, dada, dada, wageni wanaandikishwa hapa! Cecilia akaendelea kutembea.

Matroni alimsubiri mlangoni. Bi Pili, mwanamke wa Morogoro hiihii, mtandio mweupe, mtu wa kanuni mpaka wasichana walikuwa wanamwogopa kuliko mtihani.

"Shikamoo mama," Cecilia akasema.

"Marahaba. Wageni mwisho saa kumi na mbili."

"Huyu si mgeni. Huyu ni mama yangu, ametolewa kwenye banda. Leo analala kwenye kitanda changu. Ukitaka kuandika, andika jina langu."

Bi Pili alimtazama mama muda mrefu. Akainama, akamwamkia, kwa sababu mama alikuwa amemzidi umri. Kisha akamwambia Cecilia kwamba ataandika, hiyo ndiyo kazi yake na hawezi kuiacha. Ila kumtoa mgonjwa nje ya geti jua linazama, mkono wake hautafanya hivyo.

Ndugu zangu, chumba kile chenye kelele kilitulia jioni hiyo kuliko maktaba. Mmoja alichota maji, mwingine akayachemsha kwa ile hita ya kuficha, na Bi Pili alipita akaiona, akajifanya anatazama dari. Walimwogesha mama nyuma ya khanga tatu zilizofungwa kwenye vitanda. Walimkata kucha. Msichana wa fani ya tiba akaanza kuukunjua ule mkono uliojikunja, kidole kwa kidole, akimwambia mama akiumia aseme.

Mama alisema. Wakacheka wote, naye akacheka. Cecilia alikuwa hajamsikia akicheka tangu Tabora.

Asubuhi yake mjomba Severini akafika.

Prisca alimpigia simu akamwambia Cecilia kamwiba mgonjwa. Mzee wa watu akateremka kutoka Matombo na gari la kwanza, matope mpaka magotini, uso umefura. Bi Pili akawaweka ofisini kwake. Mjomba, Prisca, Cecilia, na mama kwenye kiti chenye mikono. Glory akasimama mlangoni, akakataa kuondoka.

Mjomba akaanza kwa ukali. Familia ilishaamua, binti kaivunjia heshima, sasa picha ziko kwenye simu za watu wote, ukoo umevuliwa nguo.

Cecilia hakumjibu kwa kelele. Akamweleza waya. Akamweleza kikombe. Akamwonyesha Glory, akasema huyu ndiye aliyekuwa analala kwenye kitanda ambacho mjomba alimpangia dada yake.

Glory akatikisa kichwa kukubali.

Mjomba akamgeukia Prisca. Alikuwa hajui. Hilo Cecilia aliliona usoni mwake, na lilimshangaza, kwa sababu miezi yote alimhesabu mjomba kuwa adui namba moja. Mzee alishika meza. Akamuuliza Prisca kama ni kweli.

Prisca akaanza kulia. Akasema basi muulizeni dada mwenyewe. Muulizeni alikubali au hakukubali.

Wote wakamtazama mama.

Maneno yalichukua muda wake kufika.

"Nilikubali."

Cecilia alihisi kama kapigwa kofi...

Mama akaeleza, kipande kwa kipande. Prisca alimwomba ahamie nyuma, chumba kipate mpangaji. Naye akakubali, kwa sharti kwamba Jumapili arudishwe kitandani ili Cecilia asijue. Khanga, mafuta, magimbi, yote yale yalikuwa mpango wake mwenyewe. Kufungiwa hakukubali, kufungiwa kulikuja baadaye. Lakini alinyamaza, kwa sababu angesema, Cecilia angejua. Na Cecilia akijua, ataacha chuo.

"Ulishaanza... upya. Kwa ajili yangu. Nikasema... basi. Inatosha."

Wapendwa, mngedhani yameisha. Bado.

Mjomba Severini alikuwa anamtazama dada yake kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. Akasema, "Dada, mwambie na la Kihonda. Au nimwambie mimi?"

Mama akafumba macho.

Mjomba akasema mwenyewe. Kabla ya kile kikao, mama alimwita pembeni akamwapisha. Amkatalie Cecilia kupanga. Atafute sababu yoyote, aseme watu watasema, aseme heshima ya ukoo, aseme lolote. Alijua mtoto akikaa na mgonjwa hatasoma tena, atageuka muuguzi. Na alijua mwanawe hawezi kumchukia mama yake mgonjwa, ila mjomba anaweza kumchukia bila kupungukiwa kitu.

"Basi nikachukiwa," mjomba akasema. "Nimepiga simu mpaka nikazoea isipopokewa."

Bi Pili akatazama dirishani, kuelekea mlimani.

Cecilia alisimama. Akaenda mbele ya mjomba wake, akapiga goti. "Shikamoo mjomba." Mzee akamshika kichwa.

Kisha Cecilia akamgeukia mama. Na hapa ndipo ninapompendea huyu dada, kwa sababu wengi wetu tungeangua kilio, tukamkumbatia bimkubwa, tukasema asante kwa kujitoa.

Yeye hakusema asante.

"Mama, sikuhama chuo ili nikutazame ukiigiza. Umeniamulia mara mbili, na zote umeniamulia vibaya. Nimekubali kuanza upya masomo kwa hiari yangu, hukunilazimisha, kwa hiyo usinilipie kwa kulala na pumba. Tunakwenda Kihonda. Chuo siachi. Ukitaka kunikatalia, nikatalie sasa hivi, mbele yangu, usimtume mtu."

Mama alimtazama mwanawe.

"Una... kiburi."

"Nimekitoa wapi?"

Mama akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akamwambia Severini kwamba kwa Waluguru shamba linafuata tumbo la mama, na shamba lile alipewa yeye na bibi yao, wala halijawahi kuwa la mtu mwingine. Kuanzia leo ndizi na mdalasini wake vinashuka Kihonda. Prisca asifukuzwe kwenye ukoo, asipigwe, asitukanwe. Ila asimwite tena mgonjwa wa akili.

Prisca aliondoka bila kuaga mtu.

Mjomba akasema sawa, dada.

Sasa msidhani mambo yalimalizikia kwa vigelegele. Bi Pili aliandika taarifa yake kama alivyoahidi, na kamati ya nidhamu ikamwita Cecilia. Wakamwambia akiomba radhi kwa maandishi, kitanda atabaki nacho.

Akawajibu kwamba amevunja kanuni ya wageni, anakubali, wamwadhibu. Ila kuomba radhi kwa sababu mama yake alilala kitandani, hapana. Hawatampata.

Wakamnyang'anya kitanda.

Akabeba godoro lake mwenyewe kichwani, akatoka kwa geti lilelile, na wasichana saba wa chumba kile, Glory akiwemo, nyuma yake na ndoo na masufuria, kama msafara wa harusi. Ile apatimenti ya mwanzo ilishachukuliwa. Wakapata nyingine hukohuko Kihonda, sakafu haijapigwa saruji, bomba la maji uani, mwenye nyumba mzee Salehe. Naye alianza kusitasita, wasichana wa chuo, hakuna mwanamume, majirani watasemaje. Mama akamwambia kwa kauli yake ya taratibu kwamba majirani waje, chai ipo.

Glory yuko chumba cha pili. Aliondoka Bigwa siku ileile mama alipotolewa bandani. Wamegawana zamu. Mmoja akiwa darasani, mwingine anampeleka mama mazoezini. Msichana wa tiba anakuja Jumamosi. Mjomba Severini akishusha ndizi analala sebuleni na kukoroma mpaka madirisha yanatetemeka.

Mazoezi yalichelewa, na madaktari hawakuficha hilo. Mkono wa mama hautarudi kama zamani. Hilo Cecilia hajamsamehe mtu bado, na akiulizwa anasema hana haraka ya kusamehe. Lakini juzi bimkubwa katoka chumbani mpaka uani kwa fimbo, peke yake, kwenda kuwafokea vijana wa nyumba ya jirani wapunguze spika kwa sababu watoto wake wana mtihani.

Na wamepunguza.

Najua mtakavyoandika kwenye komenti. Mtasema hosteli ndiyo salama, mtasema geto linaharibu watoto wa watu, mtasema binti alikosa adabu kwa wakubwa. Andikeni. Nami nawaambia niliyoyaona: geti na mlinzi havimlindi mtu, chumba cha kupanga hakimharibu mtu, na ndugu wa damu anaweza kukufungia mlango kwa waya. Uliza ni nani anayekufungulia mlango ukigonga.

Na ninyi wazazi mnaotuficha maumivu yenu eti tusome kwa amani... tuambieni. Tutasoma tu.

Cecilia amefaulu masomo yote ya muhula. Yale ya Tabora waliyoyakataa ameyakatia rufaa, na wamemwita wiki ijayo aje ajieleze. Anasema safari hii anakwenda na mama yake.